Wasomaji Wanauliza: Ubingwa wa Usingizi Hospitali ya Jeshi

SWALI: Binti yangu anamaliza udaktari Marekani kwa ufadhili wa jeshi, naye anataka ubingwa wa usingizi, yaani wa kuwapa wagonjwa dawa za usingizi na ganzi wakati wa upasuaji, hukohuko jeshini. Ni miaka mingapi, na cheti chake kitakuwa sawa na cha aliyesomea uraiani? *Mama N.*

JIBU: Mama N., cheti ni kilekile na bodi ya mitihani ni ileile. Mafunzo ni miaka 4: mwaka wa kwanza wa kuzunguka wodini, kisha 3 ya usingizi wenyewe. Vituo vya jeshi vinavyojulikana ni Walter Reed kule Bethesda, San Antonio, San Diego na Portsmouth. Nafasi hugawanywa na jeshi lenyewe na majibu hutoka Desemba, kabla ya mgao wa kiraia wa Machi.

Jambo la kuliangalia ni deni, yaani miaka ya kulitumikia jeshi ili kufidia ufadhili. Miaka ya ubingwa hailipi deni la ufadhili, kwa hiyo aliyesomeshwa miaka 4 huanza kuilipa akishahitimu ubingwa. Tena wapo, hasa wa Jeshi la Majini, wanaopelekwa kwanza vikosini kama madaktari wa kawaida baada ya ule mwaka wa wodini. Aulize hilo mapema.

SWALI: Wanajeshi ni vijana wenye afya. Mwanafunzi wa ubingwa atawapata wapi wagonjwa wagumu? *Dkt. S.*

JIBU: Umegusa penyewe. Familia za wanajeshi na wastaafu hutibiwa hapo pia, na uzazi kwa kawaida hautoi shida. Lakini kila mwanafunzi lazima afikishe idadi iliyowekwa: watoto 100 walio chini ya miaka 12, kati yao 20 chini ya miaka 3 na 5 chini ya miezi 3, upasuaji wa moyo 20, ganzi ya mgongo 40, ya epidura (nje kidogo ya utando wa uti wa mgongo) 40 na ya mishipa ya fahamu 40. Moyo na vichanga ndivyo huwa haba, hivyo wanafunzi hupelekwa kwa zamu katika hospitali kubwa za kiraia. Kosa la kawaida ni kuandika hesabu ya wagonjwa mwishoni mwa mwezi, kwa kukumbuka tu. Iandikwe jioni ya siku hiyohiyo, la sivyo pengo linaonekana mwaka wa mwisho, wakati zamu za nje zimeshagawanywa.

SWALI: Oksijeni ya bomba la ukutani ikikosekana, kama uwanja wa vita, daktari wa usingizi anafanyaje? *Msomaji, muuguzi wa thieta*

JIBU: Kwanza anapiga hesabu ya mtungi. Mtungi mdogo wa aina ya E ukijaa huonyesha shinikizo la takriban psi 1,900 (pauni kwa inchi ya mraba) na una lita 660 za oksijeni. Geji ikisoma 950, zimebaki kama 330. Kwa lita 10 kwa dakika hizo ni dakika 33 tu. (Hesabu hii usiitumie kwa naitrasi oksaidi, gesi ya usingizi. Ile ni kimiminika mtungini, geji haishuki mpaka kimiminika kiishe.)

Hata hivyo, oksijeni kabla ya kumlaza mgonjwa usingizi haibaniwi. Mtu mzima hutumia takriban mililita 250 kwa dakika. Akivuta hewa ya kawaida, akiba ya mapafuni haifiki nusu lita na humwisha ndani ya dakika moja au mbili pumzi ikisimama. Akivuta oksijeni tupu dakika 3 kwa barakoa iliyobana vizuri, akiba hupita lita 2. Barakoa ikivuja, kazi yote ni bure: hewa ya chumba inaingia. Mnene, mjamzito na mtoto huishiwa upesi zaidi.

Kwa dawa za usingizi, ketamini ndiyo rafiki wa mazingira hayo, kwa sababu mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe. Dozi ya mshipani ni miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, isukumwe taratibu kwa dakika nzima. Ikipigwa kwa haraka, pumzi inaweza kusimama. Majeruhi aliyevuja damu nyingi hupunguziwa, hata hadi nusu. Wengi hudhani ketamini hupandisha presha siku zote, lakini mwili uliokwisha kutumia nguvu zake za kujihami hauna cha kupandishia, na presha huanguka. Mashine ya kufyonza mate iwe imewashwa na kujaribiwa kabla ya sindano, kwani dawa hii huongeza mate.