Jibu: Mchezo wa kutafuta vitu usiokusimamisha
Ndugu, umesema June's Journey, ule mchezo wa simu wa kutafuta vitu vilivyofichwa, inakukera kwa kukusubirisha kila nguvu za kuchezea zikiisha. Jaribu Hidden Folks wa mwaka 2017. Hauna nguvu za kusubiri wala saa ya kukukimbiza. Michoro ni ya mkono, nyeusi na nyeupe, na sauti zote zimetolewa kwa mdomo, hata za wanyama! Vaa hedifoni, usikose uhondo huo.

Ukikwama, gusa picha ya kitu unachokitafuta, pale chini ya skrini, upate kidokezo. Kisome taratibu, maana mara nyingi kinadokeza mahali pa kuangalia. Kisha kuza picha kwa vidole viwili, fungua mahema, fyeka vichaka: vingine havionekani kabisa mpaka uguse. Ukiwa na tableti, tumia hiyo. Simu ndogo huchosha macho.