Maswali ya Wasomaji: Mbona Ufunguo wa Saa Huvunjika Kabla ya Kioo?

SWALI: Mimi ni seremala katika soko la Gikomba na huvaa saa ya akrabu mkono wa kushoto. Mwaka huu pekee kile kidude cha pembeni cha kutilia majira kimevunjika mara mbili, na mara zote mkono ulikuwa umegonga ukingo wa meza ya kazi, ilhali kioo hakina hata mkwaruzo. Nyuma ya saa pameandikwa kwamba inastahimili mishtuko. Je, niliuziwa bandia?
Seremala, Gikomba

JIBU: Ndugu seremala, pole kwa hasara. Kuvunjika huko peke yake hakuthibitishi kwamba saa yako ni bandia. Kipimo cha kimataifa cha saa zinazostahimili mishtuko, ISO 1413, huiga mshtuko wa saa iliyoanguka kutoka urefu wa mita 1 juu ya sakafu ya mbao ngumu, na nyundo ya kilo 3 huipiga saa mara mbili: mara moja usoni, kwenye kioo, na mara moja ubavuni, upande wa tarakimu 9. Kidude chako, ambacho nitakiita ufunguo kwa kuwa ndicho kinachotumika kutia saa ufunguo, kwa kawaida hukaa kwenye tarakimu 3, ubavu wa pili kabisa. Saa inaweza kufaulu kipimo hicho bila ufunguo wake kuguswa.

Ndani ya kasha, ufunguo umeshikwa na kijiti cha chuma chenye unene wa karibu milimita 1 tu. Pigo likija kutoka upande, kichwa cha ufunguo hugeuka nyenzo, na nguvu yote hukusanyika pale kijiti kinapoingia kwenye kasha. Wewe umeona mara nyingi jinsi msumari uliobaki nje nusu unavyopindwa na nyundo iliyokwenda kombo, na uliozama ukasalimika. Kijiti kilichopindika kidogo huendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa, kisha siku moja unakivuta ili urekebishe majira, nacho kinakatika mkononi.

Dawa, kwa maoni yangu, ni kuhakikisha kwamba pigo linafikia kasha kwanza. Mwaka 1959 kampuni ya Rolex iliipa saa yake ya wapiga mbizi, Submariner, mabega mawili ya chuma yanayotokeza kwenye kasha na kuukumbatia ufunguo pande zote mbili. Panerai ya Italia ilifunika ufunguo kwa daraja la chuma lenye wenzo mdogo unaoubana, nayo Seiko, katika saa zake nyingi za kupigia mbizi, imeusogeza hadi karibu na tarakimu 4, ambako hausumbui sana mgongo wa kiganja mkono unapokunjwa. Ufunguo wa kufungwa kwa hesi nao husaidia, ingawa ulibuniwa hasa kwa ajili ya kuzuia maji, kwa sababu ukishakazwa hushikwa na bomba dogo lililopachikwa kwenye kasha, na pigo hupitia huko badala ya kukielemea kijiti. Usisahau kuukaza, maana ufunguo ulioachwa wazi hutokeza zaidi na nyenzo yake huwa ndefu zaidi.

Utakapokwenda kununua, beba rula fupi. Ilaze ubavuni mwa saa, kutoka bega moja hadi la pili, kisha utazame kwenye mwanga. Rula ikikaa juu ya mabega na kuacha uwazi juu ya ufunguo, hiyo ni kinga ya kweli. Ikibembea juu ya kichwa cha ufunguo, mabega hayo ni pambo, na yapo mengi ya namna hiyo. Ile uliyo nayo unaweza kuihamishia mkono wa kulia, ambako ufunguo utaelekea kwenye kiwiko, mradi mkono huo usiwe ndio unaogonga zaidi. Tena mwambie fundi wako apime vizuri urefu wa kijiti kipya. Nimeona saa ambazo kijiti kiliachwa kirefu mno, ukucha ukapenya kati ya ufunguo na kasha hata baada ya kusukumwa hadi mwisho.

SWALI: Tunasomea uhandisi wa mitambo hapa Nairobi na tunabuni saa ya kidijitali ya mafundi wa mjengo, yenye vitufe vinne. Je, kuvifunika kwa raba nene kutatosha?
Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Hakutatosha. Raba hupunguza ukali wa pigo, lakini kitufe ni njia iliyonyooka kutoka nje hadi kwenye mtambo, na kikisukumwa kupita kiasi kitaubomoa. Mhandisi Kikuo Ibe na wenzake katika kampuni ya Casio walitengeneza sampuli zaidi ya 200 kabla ya saa yao ya kwanza ya kustahimili mishtuko, G-Shock, kutoka mwaka 1983; mtambo wake ulishikiliwa kwa nukta chache tu ndani ya kasha, na vitufe vilikaa chini ya usawa wa ganda lililovizunguka. Katika saa za baadaye za Mudmaster, Casio iliongeza mabomba ya chuma yanayozunguka vijiti vya vitufe.

Wekeni kizuizi kitakachokifanya kichwa cha kitufe kitue kwenye kasha kabla kijiti chake hakijausukuma mtambo kupita kiasi. Kuhusu kina, kitufe kilichozama sana hakifikiwi na kidole chenye glavu, na wavaaji wenu ni watu wa glavu. Chongeni kwanza kasha la mbao lenye vitufe vya vina vitatu tofauti, mlipeleke kwenye mjengo, mafundi walibonyeze bila kuvua glavu.