Kitanda Chini ya Dirisha la Kusini

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, chumba cha wanangu hapa Lamu kina dirisha moja linaloelekea kusini, na kila masika godoro hulowa. Nipange vipi, na nitie pazia gani?

JIBU: Ndugu yangu, kusi ndiyo huleta mvua hiyo, kwa hiyo kisogeze kitanda kwenye ukuta wa pembeni, ukiacha nafasi ya kiganja nyuma yake, kwa kuwa kuta za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu, na shuka inayogusa chokaa huota madoa ya ukungu. Chandarua kining'inie kwenye boriti. Pazia zito la mahameli silipendi hata kidogo, kwani huzuia upepo. Chagua pamba nyepesi, fupi, isiyo na kamba ndefu zinazoweza kumnyonga mtoto, na mvua ikija funga mbao za dirisha.