Barua za Wasafiri: Kiyoyozi Kinachodondosha, Bahari Iliyokupwa na Bei ya Dola

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wanaolala hotelini Tanga na Bagamoyo mara kwa mara, kwa kazi au kwa mapumziko. Tumechagua tano, na ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu wanaouliza jambo hilo ni wengi.

Asalaam aleikum. Kazi yangu hunileta Tanga mjini mara mbili kwa mwezi. Mara ya mwisho nilichukua chumba upande wa Raskazone kwa kuvutiwa na picha za mtandaoni. Usiku kiyoyozi kikaanza kudondosha maji juu ya godoro, na mapokezi wakaniambia ni sababu ya umeme mdogo. Je, ni kweli? Na mtu akague nini kabla hajatoa pesa? – Msafiri, Korogwe

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Si kweli. Umeme ukiwa mdogo kompresa, yaani mashine inayosukuma gesi ya kupoza, hushindwa kuwaka, au huwaka na kuzimika, ukabaki na feni inayopuliza hewa ya vuguvugu. Maji ni jambo jingine. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi. Inapopita kwenye mabomba ya baridi, ule unyevu hugeuka maji, yakaangukia kwenye trei ndogo iliyo chini yake, kisha yakatoka nje kwa bomba jembamba. Vumbi lililoponyoka kwenye chujio chafu huchanganyika na maji hayo likawa utelezi kama wa bamia, na utelezi huo ndio unaoziba bomba. Trei ikijaa, maji humwagika ndani.

Sababu ya pili ni barafu. Chujio likiziba au gesi ikipungua, mabomba ya ndani huganda. Unakizima alfajiri, barafu inayeyuka kwa mkupuo, trei inazidiwa. Ukiona kiyoyozi kinadondosha kikiwa kimezimwa, shuku hilo. Ukiacha gesi iliyopungua, ambayo ni kazi ya fundi, dawa ya yote mawili ni usafi: chumba cha pwani kinachopangishwa kila siku chujio lake lioshwe walau kila baada ya wiki mbili, na bomba la maji lizibuliwe kabla halijaziba. Hoteli inayokuambia "umeme mdogo" kwa tatizo la maji haina fundi wa kudumu, na hilo peke yake linatosha kukufanya uangalie kwingine.

Namna ya kukagua ni hii. Omba kuingia chumbani kabla ya kuandika jina kwenye kitabu cha wageni. Washa kiyoyozi kwenye nyuzi 24, funga dirisha na mlango wa bafu, kisha kagua vitu vingine kwa dakika kumi au kumi na tano. Ukirudi, hewa inayotoka iwe ya baridi hasa, isiyo na harufu ya soksi mbichi; harufu hiyo ni ukungu kwenye mabomba. Halafu toka nje uliangalie lile bomba jembamba linaloning'inia ukutani. Linatakiwa liwe linadondosha. Kwa unyevu wa Tanga, bomba likiwa kavu baada ya robo saa, basi ama kiyoyozi hakipozi, ama maji yamekwama ndani na usiku yatakufikia. Ukutani chini ya kiyoyozi tafuta michirizi ya njano au rangi iliyovimba. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya wageni waliokutangulia.

Mashine ya nje nayo itazame. Chumvi ya bahari hula zile sahani nyembamba za alumini mpaka zinapukutika ukizigusa kwa kidole. Mashine iliyofikia hapo haiwezi kulitoa nje joto la chumbani, kwa hiyo chumba hakipoi hata rimoti ikisoma 16. Kushusha mpaka 16 hakuongezi kasi ya baridi, kunaifanya tu kompresa isipumzike. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinatosheka na kiyoyozi cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Kikiwa ghorofa ya juu chini ya bati, au dirisha linaelekea magharibi, kinahitaji 12,000. Namba hiyo iko kwenye kibandiko ubavuni mwa mashine, isome mwenyewe.

Umeme ukikatika na kurudi, subiri. Kompresa hujizuia kama dakika 3 kabla ya kuwaka tena ili presha ya gesi itulie, na kubonyeza rimoti hovyo hakuiharakishi. Kuhusu jenereta, usiulize kama ipo, maana jibu siku zote ni ndiyo. Uliza hivi: "Inabeba viyoyozi, au taa na feni tu?" Kama ni taa na feni tu, chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana kina thamani kuliko chenye televisheni kubwa, hasa Desemba hadi Machi.

Maji usiyasahau. Fungua bomba, chukua sabuni kidogo, sugua viganja. Povu lisipotoka, au likikatika na kuacha utando, hayo ni ya kisima cha chumvi, si ya mamlaka ya maji, Tanga UWASA, yanayotoka bwawa la Mabayani. Kuogea hayadhuru, lakini hita zinazopitisha maji hayo huoza mapema. Hapa kuna jambo la hatari: ukigusa bomba la bafu wakati shawa ya umeme inafanya kazi ukahisi mchonyoto hata mdogo, toka majini, zima swichi ya ukutani ukiwa umekauka, na usioge tena humo. Umeme unavuja na waya wa ardhini haupo au umekatika. Usikubali kuambiwa "ni kawaida yake." Omba chumba kingine au ndoo ya maji ya moto.

Shikamooni. Tuliwapeleka watoto Bagamoyo wikiendi, tukalipia chumba cha mbele ya bahari. Asubuhi tukakuta bahari imekwenda mbali, limebaki tope na mchanga mtupu. Jioni ilipojaa tulikuwa tumeshafungasha. Kuna namna ya kujua mapema? – Mama wa watatu, Tegeta

Marahaba, mama. Ipo, na wavuvi wa Dunda, hapo hapo Bagamoyo, hawahitaji simu kuijua, wanahesabu mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikizidi mita 3. Pwani yetu siku za bamvua maji hujaa kwenye saa 10, alfajiri na jioni, na hukauka kwenye saa 4 au 5 asubuhi. Ufuo wa Bagamoyo ni wa mteremko mdogo sana, ndiyo maana mita 3 za kushuka zinageuka mwendo mrefu wa kutembea. Nyinyi mlikwenda wikiendi ya bamvua.

Kwa watoto wanaotaka kuoga asubuhi, tafuta siku za maji mafu, karibu tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 za mwezi mwandamo. Siku hizo maji hujaa kwenye saa 4 au 5 asubuhi na hayakimbii mbali. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo ukijua ya Jumamosi, ya Jumapili unaipata kichwani. Muda mzuri wa kuoga ni kuanzia saa mbili kabla ya maji kujaa mpaka saa moja baadaye. Maji yakishaanza kutoka kwa nguvu, watoto wabaki kando.

Rangi ya maji ni habari ya mto. Ruvu unaingia baharini kaskazini ya mji, na wakati wa masika huleta udongo mwingi, bahari ikawa ya kahawia. Si uchafu wa hoteli. Na kama safari itaangukia bamvua hata hivyo, asubuhi hiyo wapelekeni magofu ya Kaole, kama kilomita 5 kusini ya mji, wakaone msikiti na makaburi ya mnara, mrudi ufukweni saa 8 mchana.

Hoteli moja Bagamoyo imenitajia bei kwa dola, tena wanataka nitume malipo ya awali kwa namba ya simu. Mimi ni Mtanzania na nahitaji risiti ya kurejesha masurufu. Nifanyeje? – Mtumishi, Kibaha

Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja au kutoza bei ya huduma nchini kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa humo. Omba bei ya shilingi kwa maandishi, na uulize kama VAT imo ndani au itaongezwa mwisho.

Malipo ya awali tuma kwa lipa namba ya biashara, usitume kwa namba binafsi. Kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la mpokeaji; likiwa jina la mtu badala ya hoteli, simama hapo, ipigie hoteli kwa namba uliyoipata kwingine, siyo ile aliyokutumia huyo anayedai pesa. Risiti iwe ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kodi, yenye msimbo wa kuhakiki TRA. Iombe siku unayolipa. Ukisubiri mpaka asubuhi ya kuondoka utaambiwa mashine haina mtandao, na basi halikusubiri.

Natoka Bagamoyo kwenda Tanga. Lazima nirudi Dar kwanza? Na mbona nililipia chumba cha "usiku wa Ijumaa" nikafika nikaambiwa usiku wangu umeshapita? – Kijana, Magomeni Bagamoyo

Huna haja ya kurudi Dar. Barabara ya lami ya Bagamoyo, Makurunge hadi Msata ina kilomita 64 na inakutana na barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera. Ukifika Msata unaelekea kaskazini, unavuka Wami kwa daraja jipya, unapita Mkata, na Segera unakunja kulia kwenda Muheza na Tanga. Zote pamoja ni kama kilomita 270. Kinachokwamisha watu ni kiti: mabasi yanayofika Msata yametoka Dar yakiwa yamejaa, hasa Ijumaa na siku za karibu na Idi. Kata tiketi mapema kwa simu, umwambie wakala wazi kwamba utapandia njiani, na uulize kama basi lenyewe linapitia Bagamoyo, maana baadhi hupita huko. Njia ya pwani kupitia Saadani na Pangani inafaa kwa gari lako na mchana. Ulizia kwanza hali ya barabara na uvukaji wa mto Pangani.

Tanga mabasi huishia stendi ya Kange, nje ya mji. Panga nauli ya bajaji juu ya nauli ya basi, na ukubaliane bei kabla mizigo haijapanda.

Sasa "usiku wa Ijumaa." Kwa hesabu ya wazee wa pwani siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni Alhamisi ikishatua. Mhudumu mwenyeji aliandika Alhamisi, wewe ulikusudia Ijumaa, na hakuna aliyekosea lugha. Taja tarehe mbili kila mara: "Nalala tarehe 12, naondoka tarehe 13." Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, kosa hilohilo limehamia kwenye tiketi. Tiketi ya 00:30 ya tarehe 12 ni ya usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani unatakiwa stendi tarehe 11 baada ya kula chakula cha usiku. Na ukikodi kwa mtandao, kuingia 14:00 ni saa 8 mchana, kutoka 10:00 ni saa 4 asubuhi. Gesti nyingi hutoza siku nzima ukipitisha saa 4. Ukihitaji mpaka saa 6, omba jana yake.

Nilirudi nyumbani na kunguni kwenye begi baada ya kulala gesti Ngamiani. Nimepuliza dawa, wapo tu. – Chumbageni, Tanga

Dawa ya kupuliza haifiki kwenye mishono ya begi na haiui mayai yote, na mayai huanguliwa baada ya wiki moja hivi, ndiyo maana unaona wamerudi. Joto ndilo linalowaua. Nguo zote, hata ulizozirudisha safi, fua kwa maji ya nyuzi 60, kisha piga pasi ya moto kwenye mishono na pindo. Begi lipige brashi ngumu juu ya karai la maji ya sabuni, ndani na nje, kwenye zipu zaidi, halafu lifunge ndani ya mfuko wa plastiki na usilitumie wala kuliweka chumbani. Baada ya siku kumi rudia brashi ili uwapate walioanguliwa.

Safari ijayo, ukiingia gesti begi lianzie bafuni, juu ya vigae. Vuta shuka kwenye kona ya godoro upande wa kichwa, fungua mshono kwa kidole gumba na umulike kwa simu. Unatafuta vitone vyeusi kama ncha ya kalamu, maganda meupe-manjano, au mdudu mwenyewe, bapa, rangi ya damu iliyokauka, milimita 5 hadi 7. Angalia pia nyuma ya ubao wa kitanda na matundu ya skrubu. Ukiona vitone tu bila mdudu, hesabu kwamba wapo. Na ukiwa umeinama hapo hapo, pima chandarua: kitanda cha sita kwa sita mara nyingi hufungiwa chandarua cha tano kwa sita, hakifiki chini ya godoro upande mmoja, na mbu hupitia hapo. Omba kikubwa kabla giza halijaingia.