Hiace ya kulala ndani: friji niiunge wapi?

SWALI: Habari za kazi. Nina Toyota Hiace, nishatoa siti za nyuma, nataka niweke kitanda, friji ndogo ya volti 12 na jiko la gesi, nikisafiri na mke wangu tusilipe gesti. Fundi anasema friji niiunge tu kwenye betri ya gari. Ni sawa?
Msomaji, Arusha

JIBU: Hapana kaka, usikubali. Betri ya gari kazi yake ni kupiga stata, inatoa umeme mwingi kwa sekunde chache basi, ukiibebesha friji usiku kucha asubuhi gari haliwaki na mko porini. Funga betri ya pili. Ya lithiamu unaitumia karibu yote, ya asidi jihesabie nusu tu kama unataka idumu. Sola ya wati 200 juu ya bodi, kwa jua letu hili, inabeba friji ndogo, taa na simu. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, wengi wanairuka, halafu waya ukichubuka ukagusa bodi moto unaanzia hapo.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni hilo jiko. Msilale likiwaka eti mnaota joto, tafadhali sana, kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Pikieni nje, au mlango wazi. Na mtungi ufungwe imara, penye tundu chini, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni.