Kabla Hujaingia Kwenye Kolo: Kwa Mgeni wa Kikundi cha Ngoma Kijijini Slavonia

Kama umehamia Slavonia, mashariki mwa Kroatia, kwa kazi au masomo, na jirani akakualika kwenye KUD ya kijiji, nenda. KUD ni chama cha utamaduni na sanaa. Wanachama hukutana ukumbini jioni, kazi zikiisha, kuimba, kucheza na kutunza mavazi waliyoachiwa na mabibi zao. Wengi hawalipwi chochote. Na usidhani unaitwa kwa adabu tu. Sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni 4.28 nchi nzima. Ile ya 2021 ikakuta milioni 3.87. Tangu Kroatia ijiunge na Umoja wa Ulaya mwaka 2013, vijana wengi wa huku wameelekea Ireland na Ujerumani, na wanaume wa kucheza hawatoshi. Ukiwa mwanamume mwenye subira utapewa buti za kuchezea mapema kuliko unavyostahili.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba miguu hufuata sauti. Wageni wengi hukimbilia hatua: hukodolea macho miguu ya jirani na kuhesabu moja, mbili, tatu. Kolo ya Slavonia, ile ngoma ya duara, ina sehemu mbili. Kuna kutembea polepole huku watu wakiimba, kisha tambura, ala za nyuzi za huku, zinachukua nafasi na miili yote inaanza kutikisika kwa hatua fupi fupi. Asiyeujua wimbo hawezi kujua sehemu moja inaisha lini na nyingine inaanza lini. Kuna mwanamke anayeanzisha, huitwa počimalja. Yeye hutoa mstari peke yake na wengine humpokea. Kaa karibu naye. Msikilize anavyovuta pumzi, maana pumzi yake ndiyo inayokuambia duara linaenda wapi. Mimi nilikaa muda mrefu kwenye benchi la ukutani nikijifunza maneno, na sijutii hata kidogo.

Utakutana pia na bećarac, na hapo mtu wa pwani atajisikia nyumbani. Ni beti za mistari miwili yenye vina, kila mstari mizani kumi. Mstari wa kwanza unasema jambo la kawaida, kundi linaurudia. Wa pili unaleta kijembe, na ukumbi unaangua kicheko. Ni mipasho kabisa, ila kwa tambura. UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2011. Ushauri wangu: cheka, itikia, lakini usikimbilie kutunga wako. Utani wake ni wa mapenzi, pombe na wakwe, na mpaka kati ya utani na tusi unajulikana na waliokulia pale. Siku moja mzee fulani atakugeukia na mstari unaokuhusu wewe. Hiyo ni hati ya uanachama, ipokee.

Sasa jambo ambalo wageni hulipinga sana: usijifunze kwenye video. Video nyingi utakazozikuta ni za vikundi vya jukwaani, na kinara wao ni LADO, kikundi cha taifa kilichoanzishwa Zagreb mwaka 1949. Ni wachezaji wa kulipwa na ni hodari kweli kweli. Lakini kazi yao ni kuchukua ngoma za mikoa mingi na kuzipangia jukwaa: safu zinanyooka, mwendo unaongezeka, mavazi yanabadilishwa nyuma ya pazia. Kikundi cha kijiji kina kazi nyingine. Kinatakiwa kuonyesha jinsi kijiji hicho, si kingine, kilivyocheza. Msimamo huu una historia: kati ya vita viwili vya dunia chama cha wakulima kiitwacho Seljačka sloga kiliandaa maonyesho ambako kila kijiji kilitakiwa kuleta nyimbo na mavazi yake chenyewe, si vitu vya kuazima mjini. Maonyesho hayo, smotra, yapo hadi leo.

Kwa hiyo ukipiga hatua nzuri uliyoiona kwingine, mwalimu atakusimamisha. Si ubaguzi. Ukivuka hadi Dalmatia, mkoa wa pwani, upande wake wa ndani mbali na bahari, utakuta nijemo kolo, duara lisilo na muziki wowote, mdundo ni wa miguu tu na vito vya wanawake vikigongana. Kusini, Dubrovnik, watu hucheza linđo kwa lijerica, kinanda cha nyuzi tatu, mpigaji akigonga chini kwa mguu. Jirani na Zagreb kuna drmeš, mtikisiko wa haraka wa duara dogo. Vyote ni vya Kroatia, na hakuna kati ya hivyo kilicho cha kijiji chako. Hata ndani ya Slavonia: kijiji cha Gorjani kina ljelje, wasichana wanaopita nyumba kwa nyumba siku ya Pentekoste, wengine "wafalme" wenye panga na kofia za maua, wengine "malkia" waliovaa meupe. Ni desturi yenye siku yake na watu wake. Huichukui tu kwa sababu inapendeza pichani.

Mavazi ndiyo shule ndefu kuliko zote, na hapa nakuomba uwe mpole. Nguo utakayopewa mara nyingi si mali ya chama. Imetoka kwenye kasha la nyumba fulani, na huenda ni nguo ya harusi ya bibi wa mtu aliyesimama mbele yako. Zile zenye zlatovez, urembo wa nyuzi za dhahabu, hazitiwi kwenye mashine ya kufulia. Jasho na manukato huziharibu. Ukishavaa hukai hovyo, huli, huvuti sigara. Sketi zinatiwa wanga na kupangwa mikunjo kwa mkono, na mwanamke hawezi kujivalisha peke yake, kwa hiyo fika mapema sana na utulie mikononi mwa wanawake wakubwa. Wanawake hawa huitwa teta, kama tunavyosema shangazi. Waite hivyo, kisha jina.

Vazi pia linazungumza. Msichana husuka nywele na kuziacha zionekane. Aliyeolewa hufunika kichwa. Ukimvisha binti kilemba cha mke wa mtu, kila bibi aliyeketi mbele ataona. Kwenye smotra huketi wataalamu wa ngoma, muziki na mavazi, na baada ya onyesho huzungumza na viongozi wa vikundi. Wanaona vitu vidogo: saa ya mkononi, rangi ya kucha, soksi za michezo, miwani ya jua. Vua vyote nyumbani.

Usiulize kwa pupa kwa nini kikundi hiki kina mavazi machache na kile kina mengi. Vijiji vingi vya mashariki, upande wa mji wa Vukovar, wakazi wake walifukuzwa wakati wa vita vya 1991, na eneo hilo lilirudi rasmi chini ya serikali ya Kroatia mwanzoni mwa 1998. Makasha mengi hayakuonekana tena. Mavazi mengine yameshonwa upya kwa kuangalia picha za zamani. Teta akitaka kukusimulia, atakusimulia mwenyewe wakati wa kupiga pasi.

Kuhusu tambura kwa kifupi: kama unajua gitaa, omba bugarija, ile tambura inayopiga sauti kadhaa kwa pamoja (chords). Wapigaji nao ni wachache, na hapo utasaidia haraka kuliko miguuni.

Mezani baada ya mazoezi kuna rakija, pombe kali ya matunda, na kulen, soseji ya nguruwe yenye pilipili. Kama huli nguruwe au hunywi, sema siku ya kwanza, waziwazi na kwa tabasamu. Hakuna atakayenuna, watakachokasirikia ni wewe kuondoka bila kukaa. Fahamu pia kalenda ya Kikatoliki: wakati wa Kwaresima desturi ilikuwa kutocheza kolo, na vikundi vingi wakati huo hurudia nyimbo za kuimba bila ala na kushona nguo.

Msimu wa safari huanza kiangazi. Đakovo ina tamasha lake la Vezovi tangu 1967, na Septemba watu hukusanyika Vinkovci kwa Vinkovačke jeseni, lililoanza 1966. Maandamano ya mjini ni marefu, kuna jua, na utakuwa umevaa sufu na buti. Kunywa maji kabla hawajakufunga mkanda.