Jibu: Kwa nini ekstensheni yangu inachemka?

Mkuu, umesema ekstensheni ya chumbani kwako hapo Mwanga inachemka na kutoa harufu ya plastiki, unahisi ni feki. Huenda, lakini tazama ulivyochomeka: birika, pasi na friji kwa mpigo. Plagi ya ampea 13 kwenye volti 230 inabeba takriban wati 3,000 tu. Birika peke yake laweza kula 2,000, pasi 1,000 na zaidi, friji bado hujaihesabu. Waya unazidiwa, ganda lake linalainika, halafu shoti. Na kama umeuviringa chini ya zulia ndiyo balaa, joto halina pa kutokea.

Mimi fundi huku Ujiji. Juzi nimefungua plagi ya mteja, fyuzi, ile inayokata umeme ukizidi, hakuna, wamebana kipande cha waya! Fyuzi ikikatika kila mara ina jambo inakuambia, usiizibe mdomo.

Friji ipe soketi yake ya ukutani, birika vilevile. Hiyo ekstensheni itupe, usiizungushie selotepu. Ikishika moto usimwagie maji: zima meini swichi kama unaifikia salama, toka nje, piga 114, zimamoto.